RAM au SSD, 8 au 16, kipande kimoja au viwili: uanzie wapi kompyuta ikiwa nzito

Mtu akilalamika kwamba kompyuta yake "memori imejaa", muulize kwanza ni memori ipi. Neno hilo moja tunalibebesha vitu viwili. Kuna RAM, mahali ambapo prosesa hufanyia kazi zake, na vyote vilivyomo hupotea umeme ukikatika. Kuna diski, ambako mafaili, picha na mfumo endeshi wenyewe hukaa hata kompyuta ikizimwa mwaka mzima. Ukifuta picha elfu mbili, RAM haiongezeki hata chembe. Ukiongeza RAM, nafasi ya kuweka video haipanuki. Nimeona watu wakishinda wakifuta mafaili ili kompyuta "iwe nyepesi", na jioni ikawa nzito kama asubuhi, kwa sababu diski haikuwa imejaa tangu mwanzo.

Ndiyo maana ulinganisho huu hauanzi na DDR4 dhidi ya DDR5, ambavyo ni vizazi viwili vya RAM, ingawa hilo ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Unaanza na RAM dhidi ya diski, kwa kuwa wengi wanaonunua RAM walipaswa kununua SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, na wachache wanaonunua SSD walipaswa kununua RAM.

Sekunde moja na siku nzima

Ndani ya chipu ya RAM, kila biti moja ni kapasita ndogo mno ikiwa na transista yake moja. Kapasita ikiwa na chaji ni 1, ikiwa tupu ni 0. Mpango huo ulibuniwa na Robert Dennard wa IBM mwaka 1966, na chipu za leo bado zinaufuata. Kasoro yake ni kwamba kapasita huvuja, kwa hiyo kompyuta hulazimika kuzipitia zote na kuzijaza upya, kwa kawaida ndani ya kila milisekunde 64. Umeme ukikatika, hakuna wa kujaza, na kazi uliyokuwa hujaihifadhi imekwenda.

Pamoja na udhaifu huo, RAM ina mbio. Prosesa ikiitisha kitu kutoka kwenye RAM hukipata kwa takriban nanosekunde 100. SSD ya kawaida huchukua takriban mikrosekunde 100. Diski ya zamani inayozunguka huchukua milisekunde 10 au zaidi, kwa sababu kichwa cha kusomea lazima kisogee, kisha kisubiri sahani izunguke hadi data ifike chini yake. Sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika hukifanya kichwa hicho kisubiri wastani wa milisekunde 5.6 kwa mzunguko pekee.

Tarakimu hizo ni ndogo mno kuzihisi, basi zikuze. Tuseme kuchukua kitu kwenye RAM ni sekunde moja. Kwenye SSD itakuwa dakika 17 hivi. Kwenye diski inayozunguka itakuwa siku nzima na karibu saa nne juu yake.

RAM ikijaa, kompyuta haisimami kukuambia. Mfumo endeshi huchukua vitu ambavyo hujavigusa kwa muda na kuvisukumia kwenye diski. Windows huviweka kwenye faili liitwalo pagefile.sys. Ukirudi kwenye ile programu uliyoiacha, lazima virudishwe. Ukiwa na SSD utahisi kusitasita kidogo. Ukiwa na diski inayozunguka, kipanya kinaganda, taa ya diski inawaka bila kuzima, nawe unabonyeza tena na tena ukiongeza foleni.

Pima kabla hujafungua pochi

Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ifunguke. Usipime kompyuta ikiwa imetulia. Fungua kila unachofungua siku yako ya kazi ikiwa mbaya kabisa: kivinjari na kurasa zake zote, jedwali kubwa, simu ya video. Kisha tazama safu mbili tu, Memory na Disk.

Nikupe hali tatu ninazokutana nazo. Ya kwanza: Memory ipo asilimia 60, Disk ipo 100 na haishuki. Hapo RAM haina kosa, diski ndiyo inayokukwamisha, na ukiongeza RAM utapata kompyuta ileile yenye asilimia ndogo zaidi kwenye safu ya Memory. Ya pili: Memory 95, Disk 100. Hii huwachanganya wengi, kwa sababu diski ndiyo inayoonekana kuhemewa, ila inabeba mzigo usio wake. RAM imejaa na inamwagikia kwenye diski. Ya tatu: zote mbili zimetulia lakini CPU, yaani prosesa, ipo 100. Funga pochi. Hakuna RAM wala SSD itakayoiongezea prosesa nguvu, isipokuwa kuna programu moja iliyopagawa ambayo unaweza kuizima sasa hivi.

Asilimia ya Memory peke yake inaweza kukudanganya. Mfumo endeshi hauipendi RAM iliyokaa bure, kwa hiyo huijaza mafaili unayoelekea kuyahitaji, na huyatupa papo hapo programu ikiomba nafasi. Kuona asilimia 70 kwenye kompyuta yenye GB 16 si ugonjwa. Kipimo cha kweli zaidi kipo kwenye ukurasa wa Performance, sehemu ya Memory, pameandikwa Committed. Ukiona 11.2/13.5 GB kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 8, maana yake programu zimeahidiwa GB 11.2, na zikidai haki yao yote kwa pamoja, tatu na ushee zitalala kwenye diski. Ukiona 6/13.5 kwenye kompyuta hiyohiyo, RAM inatosha.

Kwenye Mac fungua Activity Monitor uangalie mchoro wa Memory Pressure: kijani ni salama, ukigeuka wa manjano au mwekundu siku yako yote ya kazi, umepungukiwa. Kwenye Linux andika free -h na usome safu ya available, si ya free. Safu ya free huwatisha watu bure.

SSD kwanza au RAM kwanza?

Kama kompyuta yako bado ina diski inayozunguka na RAM ya GB 8, jibu langu halina masharti: SSD. Hakuna badiliko jingine linaloifanya kompyuta ya zamani ionekane mpya kama hilo. Kuwaka kwake, kufungua programu, kutafuta faili, vyote vinasubiri diski, na vyote vinaachiliwa kwa mara moja.

Kama ina diski inayozunguka na GB 4, unahitaji vyote viwili, lakini ukilazimika kuchagua kimoja bado ninasema SSD. Wengine watabisha, na hoja yao ina maana: GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa cha Windows 11, na kivinjari cha leo hukimaliza kabla hujafungua chochote cha maana. Ila RAM ikijaa na kumwagikia kwenye SSD, utavumilia hadi upate pesa ya RAM. RAM ya GB 8 juu ya diski inayozunguka bado itakufanya usubiri kila asubuhi kompyuta inapoamka.

Kama tayari una SSD, mambo yanageuka. Hapo RAM ndiyo inayofuata, na kununua SSD ya kasi zaidi ni anasa. SSD ya SATA, yaani inayotumia njia ya zamani ya kuunganisha diski, husoma karibu MB 550 kwa sekunde. Ya NVMe, inayotumia njia mpya ya kasi iitwayo PCIe, hufika MB 3,500 ikiwa ni ya PCIe 3.0, na ya PCIe 4.0 hugusa 7,000. Kwenye karatasi ni tofauti kubwa mno. Kwenye kazi za kila siku, ambazo ni kusoma vijifaili vidogo vingi vilivyotawanyika, tofauti kati ya SATA na NVMe ni ndogo kiasi kwamba wengi hawataihisi wasipoambiwa. Anayehamisha video za makumi ya gigabaiti kila siku ataihisi. Aliyetoka kwenye diski inayozunguka kwenda SATA, huyo ndiye anayeruka ng'ambo.

Tahadhari moja kwa wanaonunua SSD ndogo za M.2, zile zinazofanana na kipande cha bigijii kilichonyooshwa, upana milimita 22 na urefu mara nyingi 80. Umbo halikuambii ndani kuna nini. Kuna za SATA na kuna za NVMe, na kuna kompyuta ambazo sloti yake inakubali aina moja tu. Soma maelezo ya modeli ya kompyuta yako kabla, kwa sababu SSD inaweza kuingia vizuri kabisa, skrubu ikakaa, na kompyuta ikakuambia haioni kitu.

DDR3, DDR4, DDR5: huu si uchaguzi wako

Watu huuliza kama wahame kutoka DDR4 kwenda DDR5 kana kwamba ni kubadili tairi. Kizazi cha RAM huchaguliwa na ubao mama pamoja na prosesa. Ubao wa DDR4 utakubali DDR4 maisha yake yote. Ipo familia ya prosesa za Intel, kizazi cha 12 hadi cha 14, zinazoweza kufanya kazi na DDR4 au DDR5, lakini hata hapo ubao mama ulionunua umekwisha kuamua ni ipi. Kwa prosesa za AMD, soketi ya AM5 iliyotoka 2022 ni ya DDR5 pekee.

| | DDR3 | DDR4 | DDR5 |
|---|---|---|---|
| Volti | 1.5 (DDR3L: 1.35) | 1.2 | 1.1 |
| Pini, kompyuta ya mezani | 240 | 288 | 288 |
| Pini, laptopu | 204 | 260 | 262 |
| Kasi ya kawaida (mamilioni ya mipito kwa sekunde) | 1600 | 3200 | 4800 na kuendelea |
| Data kwa sekunde, kipande kimoja | GB 12.8 | GB 25.6 | GB 38.4 |

Pengo dogo lililo kwenye ukingo wenye dhahabu limewekwa mahali tofauti kwa kila kizazi, ili usiweze kuchomeka kisichofaa. DDR4 na DDR5 za mezani zina pini 288 zote mbili, lakini mapengo hayalingani. RAM ikikataa kukaa, usiisukume kwa kidole gumba kwa hasira. Itoe, uitazame tena.

Ulinzi huo una tundu moja, nami nililiangukia. DDR3 na DDR3L zina pengo mahali pamoja. Zinatofautiana volti tu. Niliwahi kuchukua kipande cha DDR3 kikaingia kwenye laptopu kwa ule mlio mzuri wa kubana, nikafunga skrubu zote kumi na moja, nikabonyeza swichi, kioo kikabaki cheusi. Nilifungua na kufunga mara tatu kabla ya kusoma lebo kwa makini: PC3, ilhali ile iliyotoka na laptopu ilikuwa PC3L. Laptopu ile ilitaka volti 1.35 na kipande changu kilitaka 1.5. Herufi moja. DDR3L kwa kawaida hufanya kazi pale DDR3 inapofanya, lakini kinyume chake si hakika, basi ukiwa na shaka chukua yenye L.

Lebo yenyewe inasomeka ukishaizoea. Chukua hii: 8GB 1Rx8 PC4-3200AA-SA2-11. Ukubwa ni GB 8. PC4 ni DDR4. 3200 ni kasi. 1Rx8 hukuambia chipu zimepangwa safu moja na kila moja hutoa biti nane kwa pamoja, kwa hiyo zipo nane. S iliyo kwenye SA2 ni RAM fupi ya laptopu. Ukikuta U ni ndefu ya mezani, na ukikuta R ni ya seva. Hizo za R ndizo huuzwa zikishang'olewa kwenye seva, na hazitafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida hata ukizibembeleza.

8, 16 au 32

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, pande zote mbili: kuna wanaojinyima na kuna wanaozidisha.

GB 8 bado inaishi. Mtu anayeandika, anayesoma barua pepe, kurasa kumi za intaneti na muziki nyuma, hana haja ya zaidi ikiwa ana SSD. Atakapoanza kusumbuka ni pale anapounganisha vitu: simu ya video huku ameonyesha wenzake skrini, jedwali kubwa limefunguka, na kurasa thelathini anazosema atazisoma baadaye. Kila kimoja peke yake ni chepesi. Pamoja, vinavuka.

GB 16 ndiyo ninayompendekezea mtu yeyote anayeongeza RAM leo, si kwa sababu anaitumia yote leo, ila kwa sababu programu hazijawahi kupungua njaa. Kutoka 8 kwenda 16 ni ongezeko utakalolihisi wiki ya kwanza. Kutoka 16 kwenda 32 wengi hawahisi chochote, na hapo ndipo wanaozidisha hujikuta wakijisifia tarakimu. GB 32 ni ya mtu anayeweza kutaja kazi inayoihitaji: kuhariri video za 4K, picha zenye matabaka mengi, kuendesha kompyuta pepe mbili ndani ya moja, kujenga programu kubwa kutoka kwenye msimbo wake. Ukishindwa kuitaja kazi hiyo kwa jina, huihitaji.

GB 4 sitaizungumzia zaidi ya kusema iongezwe. Kuna jambo moja tu: ikiwa kompyuta ina Windows ya biti 32, kuongeza RAM kupita GB 4 ni kazi bure. Anwani za biti 32 ni 4,294,967,296, baiti moja kwa kila anwani, na hiyo ni GB 4 kamili. Weka kwanza mfumo wa biti 64.

Angalia pia kikomo cha kompyuta yenyewe. Laptopu nyingi za DDR3 zenye sloti mbili zinaishia GB 16, yaani 8 kwa 8. Ukizipa kipande kimoja cha 16 nyingi hazitawaka.

Kipande kimoja cha 16 au viwili vya 8?

Prosesa za kawaida zina njia mbili za kwenda kwenye RAM. Ukiweka kipande kimoja, njia moja inalala. DDR4-3200 kipande kimoja hupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Viwili hupitisha 51.2. Kwa anayeandika barua, hilo halina uzito. Kwa kompyuta isiyo na kadi yake ya michoro, lina uzito sana, kwa kuwa michoro inachota kutoka kwenye RAM hiyohiyo na yenyewe ndiyo mlaji mkubwa wa upana wa njia. Mchezo uliokuwa ukikwamakwama huweza kutulia kwa kuongeza kipande cha pili tu, bila kugusa kitu kingine.

Kwa hiyo viwili vya 8 hushinda, kwa kasi. Kimoja cha 16 hushinda kwa mtu mwenye sloti mbili anayejua kabisa kwamba mwakani ataongeza cha pili. Kama "mwakani" yako ni ile isiyofika, chukua viwili sasa.

Na ile hali ya kati, ambayo ndiyo ya laptopu nyingi: una GB 8 ndani, sloti moja tupu, unataka kuongeza 16 si 8. Inawezekana. Prosesa nyingi zitatumia GB 16 za kwanza kwa njia mbili, nane kutoka kila upande, na GB 8 zinazobaki zitapitia njia moja. Ni afadhali kuliko kukosa. Chapa tofauti si dhambi, kasi tofauti pia hukubalika, ila zote zitakwenda kwa mwendo wa ile ya polepole: 3200 ikikaa na 2666, zote ni 2666. Nimeweka mchanganyiko wa namna hiyo mara nyingi na umefanya kazi. Mara chache umekataa, na dawa ilikuwa kuzibadilishana sloti au kurudisha kipande.

Kwenye kompyuta za mezani za DDR5 kuna mtego. Ubao una sloti nne, na ni rahisi kuwaza nianze na mbili, nitaongeza mbili. Vipande vinne vya DDR5 huilemea prosesa. AMD yenyewe kwa prosesa zake za Ryzen 7000 inaahidi 5200 ukiwa na viwili, lakini vinne inashusha hadi 3600. Nunua viwili vikubwa mwanzoni.

Kasi na kuchelewa

Hili nitalipitia haraka kwa sababu linapewa heshima lisiyostahili. Tarakimu ya kasi, kama 3200, ni mara ngapi data hupita, kwa mamilioni kwa sekunde. Tarakimu ya CL ni mizunguko mingapi RAM hukaa kabla ya kujibu. Watu huona CL40 ya DDR5 na kusema ni mbaya kuliko CL16 ya DDR4. Gawanya: chukua CL, zidisha kwa 2,000, gawa kwa kasi, upate nanosekunde. DDR4-3200 CL16 ni 10. DDR5-4800 CL40 ni 16.7. DDR5-6000 CL30 ni 10 tena. DDR3-1600 CL11 na DDR4-3200 CL22 ni 13.75 zote mbili! Vizazi vimepanua barabara zaidi kuliko vilivyofupisha safari.

Kwenye laptopu usihangaike na CL. Kwenye kompyuta ya mezani, hakikisha jambo moja ambalo wengi hulipuuza: RAM uliyoinunua ikiwa imeandikwa 3200 CL16 huanza kwa kasi ya chini ya kawaida, kama 2133 au 2400, hadi uingie BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, uwashe XMP, ambayo ni mpangilio wa kasi iliyoandikwa kwenye RAM, au EXPO kwa DDR5 za upande wa AMD. Wapo waliolipia kasi na hawajawahi kuitumia hata siku moja. Task Manager itakuambia, mstari wa Speed.

Iliyolehemewa

Kabla ya kuagiza chochote, kwenye ukurasa huohuo wa Memory tafuta Slots used na Form factor. SODIMM ni habari njema. Ukiona Row of chips, RAM imelehemewa kwenye ubao na haitoki. Idadi ya sloti inayoonyeshwa hapo wakati mwingine si ya kweli, kwa hiyo kufungua kifuniko cha chini ndiyo hakika, au kusoma mwongozo wa modeli yako kamili, si wa familia yake.

Laptopu nyembamba nyingi hutumia LPDDR, aina ya RAM inayotumia umeme kidogo, ambayo hulehemewa. Mac zenye chipu za M1 na baada yake, tangu Novemba 2020, zina RAM ndani ya kifurushi kimoja na prosesa. Kinachopatikana kwa kulehemewa ni cha kweli: umeme kidogo, njia fupi, mbio zaidi. Kinachopotea ni haki ya kubadili mawazo. Kwa kompyuta ya namna hiyo ukubwa unauchagua siku ya kununua tu, na hapo ninalegeza ukali wangu wa juu: ukisita kati ya 8 na 16, chukua 16, ukisita kati ya 16 na 32 na unapanga kukaa nayo miaka sita au saba, chukua 32. Kuna aina mpya ya kadi bapa, CAMM2, iliyoidhinishwa mwishoni mwa 2023 ili RAM za mbio ziweze tena kufunguliwa kwa skrubu, lakini laptopu zenye hiyo bado ni za kuhesabu.

Siku ya kuiweka

Zima kabisa, si kulaza. Chomoa chaja, na kama betri ina waya unaofikika, uchomoe pia. Gusa chuma kisicho na rangi kabla ya kushika RAM, na uishike kwa kingo. RAM ya laptopu huingizwa ikiwa imeinama, kama digrii 30 hivi, hadi dhahabu karibu yote izame, kisha hulazwa chini hadi vishikizo vya pembeni viibane kwa mlio. Dhahabu ikibaki inaonekana upande mmoja zaidi ya mwingine, haijakaa. Hicho ndicho chanzo cha "RAM mpya mbovu" nyingi.

Ukiwa na DDR5, jiandae kwa kioo cheusi. Mara ya kwanza inapowashwa baada ya kubadili RAM, kompyuta huchukua muda, pengine dakika kadhaa, ikipima mawimbi kwa kila kipande. Feni inazunguka, hakuna picha, na hofu inakutuma ubonyeze swichi. Usibonyeze. Ukiikatiza itaanza upya.

Ikishawaka, iachie Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku mmoja kabla ya kuiamini na kazi zako. Kosa hata moja tu linatosha kurudisha kipande. Na ukifungua Task Manager ukakuta kati ya GB 16 ulizoweka, zinazotumika ni 15.3 au 15.8, hujaibiwa. Zilizobaki zimetengwa na kompyuta yenyewe, nyingi zikiwa za michoro, na pembeni pake pameandikwa Hardware reserved.